Je, Asiyejua Hana Hatia?

Katika miaka thelathini na mitano ya kazi ya ualimu nilitia sahihi katika karatasi nyingi mno. Nilitia sahihi katika vyeti, katika ruhusa za wagonjwa, katika hati za malipo, katika barua za kuwatambulisha vijana kwa waajiri, na mara mbili katika barua za kuwapa wazazi habari za msiba. Nyingi nimezisahau. Moja sijaisahau, na siku hizi, kwa kuwa mstaafu hana kengele ya kumwinua kitini, hunijia karibu kila nikaapo barazani jioni. Ni sahihi niliyoitia mwaka 1996, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu kilichokuwa karibu na bahari, katika hati ya kupokea jengo jipya.

Jengo lenyewe lilikuwa la ghorofa moja. Chini palikuwa na bwalo la chakula, juu maktaba, na mbele yake roshani pana iliyotazama baharini. Tulilingojea kwa miaka. Wanachuo walikuwa wakila kwa zamu chini ya mwembe, na mvua ikinyesha walikula wamesimama, sahani mkononi. Kwa hiyo ndugu msomaji ataelewa jinsi nilivyotamani siku ya kukabidhiwa ifike, na jinsi nilivyokuwa tayari kumwona adui kila mtu aliyeonekana kuichelewesha.

Mtu wa kwanza kuichelewesha alikuwa mlinzi wetu wa usiku. Alikuwa mzee mtaratibu, mwenyeji wa kijiji cha jirani, asiyejua kusoma ila jina lake. Asubuhi moja, kabla hajaondoka lindoni, alikuja mlangoni pangu akabisha hodi. Aliniamkia, ingawa kwa umri ni mimi niliyepaswa kumwamkia, kisha akasema, "Mkuu, lori la mchanga haliendi mtoni. Linaingia usiku likitokea ufukweni, maji yanapokupwa." Nilimwuliza amejuaje. Akajibu bila kuona haya, "Nimeuonja."

Nilimwita mkandarasi. Alicheka, akasema mchanga ni mchanga. Kisha akafungua mkoba wake akanionyesha karatasi za maabara. Zege lililotumika lilikuwa limemiminwa katika vibweta vya sentimita kumi na tano kila upande, likakaa majini siku 28, likasagwa kwenye mashine, na uzito lililoubeba kabla ya kupasuka ulizidi uliotakiwa. Karatasi zilikuwa na mhuri. Kwa kunong'ona aliongeza kwamba mlinzi yule ana kinyongo, maana amekatazwa kuchukua vipande vya mbao zilizobaki. Nilizitazama karatasi zile, nikamkumbuka mzee na ulimi wake, nikachagua karatasi. Mwezi uliofuata tulipika pilau, mgeni rasmi akakata utepe, nami nikatia sahihi. Mwisho wa mwaka mkataba wa mlinzi ulipokwisha sikuuhuisha. Niliandika kwamba hakuna fungu. Fungu lilikuwa dogo kweli, lakini halikukosekana.

Hadithi ingekwishia hapo kama jengo lingeamua kunyamaza. Halikunyamaza. Nilikuwa nimekwisha kustaafu zaidi ya miaka kumi nilipopata habari kwamba kipande cha zege, chenye ukubwa wa karai, kimebanduka usiku kutoka kwenye boriti ya roshani na kuanguka pale ambapo mchana wanachuo hupanga mstari. Hakumwumiza mtu yeyote. Chuo kilimwita mhandisi, na mhandisi aliyeletwa alikuwa binti aliyesoma shule ya mazoezi ya chuo chetu. Utotoni alikuwa akiruka kamba chini ya roshani ile ile. Aliposikia kwamba bado ninaishi karibu alinipigia simu: "Shikamoo, Mwalimu. Njoo uone tunavyompima mgonjwa wako." Nilikwenda na bakora yangu.

Nilidhani nitaona nyundo. Badala yake alitoa chombo kidogo, si kirefu kuliko mkono wa mtoto, chenye pini nne zilizopangwa katika mstari mmoja, nafasi ya sentimita tano kati ya kila pini na mwenzake. Kwanza alitafuta nondo zilipopita kwa chombo kingine, ili azikwepe, maana chuma hupitisha umeme upesi na kingeharibu kipimo. Kisha alilowesha zege kwa maji, akazigandamiza zile pini juu yake. Alinieleza kwamba pini mbili za nje hupeleka mkondo mdogo wa umeme ndani ya zege, na mbili za kati husoma tofauti ya volti. Ukizidisha volti hiyo kwa nafasi iliyo kati ya pini, na tena kwa mara mbili ya pai, kisha ukagawanya kwa mkondo, unapata kiasi ambacho zege linaukinza umeme. Njia hii ya pini nne iliandikwa na Mmarekani Frank Wenner, wa idara ya vipimo ya serikali ya nchi yake, mwaka 1915. Yeye alikuwa akipima ardhi, hakuwa na haja na majengo. Wengine walikuja baadaye wakaihamishia kwenye zege. Jimbo la Florida, lenye madaraja mengi yanayopigwa na maji ya chumvi, liliiweka katika taratibu zake mwaka 2004, kwa sababu jaribio la zamani lilitaka kukata kipande cha zege na kukipitishia umeme wa volti 60 kwa saa sita, na hili la pini humalizika kwa dakika chache bila kuvunja kitu.

Nilimwuliza swali ambalo nadhani msomaji pia analo: umeme na uimara wa jengo vina uhusiano gani? Jibu lake nimelitafakari tangu siku ile.

Sisi tunaliona zege kama jiwe. Kumbe ndani yake mna vitundu vidogo mno, vingi visivyohesabika, na ndani ya vitundu hivyo mna maji yenye magadi makali. Umeme haupiti katika kokoto. Hupita katika maji hayo. Vitundu vikiwa vingi, vipana na vyenye kuungana, umeme hupita kwa urahisi na kipimo husoma namba ndogo. Vikiwa vichache, vyembamba na vilivyozibana, umeme hukwama na namba hupanda. Na vitundu hivi hutoka wapi? Saruji inahitaji maji takribani robo ya uzito wake ili iungane nayo kikemia. Hata mafundi wazuri hutia zaidi ya hapo, kwa kuwa zege kavu mno halimiminiki. Lakini fundi aliyechoka, jua likiwa utosini, huongeza ndoo, na ndoo nyingine, ili zege liteleze lenyewe na yeye apumue. Maji yale ya ziada hayana pa kuungana. Yakiondoka huacha nafasi zao wazi. Kila ndoo ya uvivu imeandikwa ndani ya ukuta, nacho chombo kile chaweza kuisoma miaka ishirini na mitano baadaye.

Njia inayopitisha umeme ndiyo hiyo hiyo inayopitisha chumvi, na ndiyo inayoiwezesha kutu kufanya kazi. Magadi yaliyo ndani ya zege huivika nondo utando mwembamba unaoikinga. Chumvi ikifika kwa wingi huutoboa utando huo, kutu huanza, na kwa kuwa kutu hushika nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, huvimba na kulisukuma zege kutoka ndani hadi lipasuke. Mwongozo uliotolewa mwaka 2000 na umoja wa kimataifa wa maabara za ujenzi, RILEM, unasema kwamba kwa zege la saruji ya kawaida lililo katika joto la nyuzi 20, kipimo kilicho chini ya kilo-omu-sentimita 10 kinaonyesha hatari kubwa ya kutu. Kati ya 10 na 50 hatari ni ya wastani, kati ya 50 na 100 ni ndogo, na zaidi ya 100 haifai kuhofiwa. Kwenye roshani yangu, nasema yangu kwa sababu ya ile sahihi, yule binti alisoma saba, nane, sita, tena saba.

Alikuwa mwangalifu asiniache nifikirie zaidi ya yaliyopimwa. Kipimo hiki, alisema, hakimwambii mtu kwamba chuma kimekwisha kuliwa. Kinamwambia jinsi kutu itakavyokwenda mbio ikiwa imekwisha kuanza. Wala hakitaji nguvu ya zege moja kwa moja. Kama unalijua zege fulani, mchanganyiko wake na umri wake, unaweza kuweka vipimo vya umeme kando ya vipimo vya nguvu ukaona vinapanda pamoja, na tangu hapo kimoja kikakupa fununu ya kingine. Lakini ukibadili saruji, au ukitia majivu ya volkano, uhusiano ule huvunjika, maana majivu hayo huweza kupandisha ukinzani mara kadhaa na huku nguvu ikiongezeka kidogo tu. Joto nalo hubadili namba. Na zege kavu, hata likiwa bovu, husoma namba kubwa ya kupendeza, kwa sababu umeme umekosa maji ya kupitia. Ndiyo maana alililowesha kwanza.

Kwa hiyo hakuishia hapo. Alitoboa mashimo membamba akakusanya unga wa zege kwa vina mbalimbali, kila sentimita na kifuko chake, na akakata mapande machache ya mviringo ya kwenda kusagwa. Majibu yalipokuja aliniletea nyumbani mwenyewe. Kwanza, zege lilikuwa na nguvu. Lilipita hata baada ya miaka yote ile. Mkandarasi hakunidanganya kuhusu karatasi zake. Pili, chumvi ilizidi mara mbili kiwango kinachokubaliwa na wengi, yaani asilimia 0.4 ya uzito wa saruji. Tatu, na hapa alinyamaza kidogo kabla ya kusema, chumvi ile ilikuwa sawasawa kutoka juu hadi ndani. Kama ingeletwa na upepo wa bahari, ingekuwa nyingi juu na kupungua kadiri mtu aingiavyo ndani. Lakini hii haikupungua. "Mwalimu," alisema, "hii haikuingia. Ilikuwemo tangu siku ya kumimina."

Sikumjibu. Nilikuwa nimemkumbuka mzee aliyeonja mchanga.

Sasa nije kwenye swali lililonifanya nishike kalamu. Watu wazima tumezoea kusema, "Sikujua," na tukishalisema tunajiona tumetoka mahakamani. Je, asiyejua hana hatia?

Mwanafalsafa Mwingereza William Clifford aliligusa swali hili mwaka 1877, katika insha yake kuhusu maadili ya kuamini. Alitoa mfano wa mwenye meli kuukuu, iliyokuwa karibu kuwachukua wahamiaji kuvuka bahari. Watu walimtia mashaka kwamba meli imechoka. Yeye aliyafukuza mashaka yale mmoja mmoja: meli imesafiri mara nyingi ikarudi salama, Mungu hatazitupa familia hizi, mafundi si watu wa kushukiwa. Mwisho akaamini kwa moyo mweupe kabisa kwamba meli ni nzima, akaiaga bandarini. Meli ikazama, naye akapokea fedha za bima. Clifford anasema mtu huyu ana hatia ya vifo vile, na kwamba kuamini kwake kwa dhati hakumsaidii, kwa kuwa hakuwa na haki ya kuamini hivyo kutokana na ushahidi uliokuwa mbele yake. Kisha anaongeza jambo zito zaidi: hata kama meli ingefika salama, hatia yake isingepungua hata chembe. Angekuwa tu hajagunduliwa.

Nilipolisoma neno hilo mara ya kwanza, nikiwa kijana, niliona limepita kiasi. Siku hizi nalisoma kama mtu anayesomewa shauri lake. Jengo langu halijaua. Kipande kilianguka usiku. Lakini ni nani aliyechagua saa ya kuanguka kwake? Si mimi.

Kuna hoja nzuri za upande wa pili, na nisingependa kuzipuuza kwa sababu tu zinanipendelea. Ya kwanza ni kwamba mkuu wa chuo si mhandisi. Dunia ya leo haiwezi kwenda kama kila mtu atakagua kazi ya kila mtu. Mgonjwa hameng'enyi dawa maabara kabla ya kuimeza, na abiria hafungui injini ya basi. Tunaishi kwa kuaminiana, na karatasi yenye mhuri ni chombo cha kuaminiana. Hoja hii ni ya kweli. Ningekuwa sikuambiwa neno, ningekuwa na karatasi zile tu, nadhani ningeweza kulala.

Lakini tuangalie karatasi zilisema nini. Zilisema kwamba zege lina nguvu ya kubeba. Zilikuwa kweli tupu. Ila mzee hakuniambia kwamba zege ni dhaifu. Aliniambia kwamba mchanga una chumvi. Mimi niliulizwa jambo moja nikajibu kwa jibu la jambo jingine, na kwa kuwa jibu lilikuwa sahihi sikutambua kwamba halikuhusika. Chumvi hailidhoofishi zege katika siku zile 28. Kwa miaka mingi wajenzi walitia kloridi ya kalsiamu makusudi ili zege lishike upesi, mpaka madhara yake kwa chuma yalipoonekana na Uingereza ikaidhibiti katika miaka ya 1970. Nguvu ni jambo moja, kudumu ni jambo jingine. Jengo laweza kufaulu mtihani wa mwezi wa kwanza kwa alama za juu na huku limekwisha kubeba kifo chake tumboni. Nadhani udanganyifu mwingi wa watu waungwana huwa wa namna hii. Hatusemi uongo. Tunachukua ukweli uliopo mkononi na kuufunikia swali ambalo tunaliogopa.

Hoja ya pili ni kwamba sikuwa na kifaa. Pini zile nne hazikuwako chuoni kwetu mwaka 1996, wala nisingejua kuzitumia. Hii nayo ni kweli, lakini hainiokoi, kwa sababu nilikuwa na vifaa viwili vingine. Cha kwanza kilikuwa ulimi wangu. Ningeweza kwenda kwenye rundo la mchanga, hatua mia mbili kutoka ofisini, nikauonja kama alivyouonja mzee. Cha pili kinaniumiza zaidi. Nilikuwa mwalimu wa sayansi. Kila mwaka niliwafundisha walimu wanafunzi jaribio la misumari: mmoja katika chupa kavu, mmoja katika maji yaliyochemshwa na kufunikwa mafuta, mmoja katika maji ya kawaida, na mmoja katika maji ya chumvi. Baada ya wiki moja watoto wanaambiwa watazame ni msumari upi umekula kutu zaidi. Hata mtoto wa darasa la tano angejibu swali la mchanga wa ufukweni na nondo. Mimi nilikuwa na jibu hilo ubaoni, kwa mwandiko wangu, katika chumba cha tatu kutoka ofisini, na sikulivusha uwanja.

Kwa hiyo nikisema, "Sikujua," nasema nini hasa? Nasema kwamba nilikuwa na njia ya kujua nikaiacha, kwa sababu kujua kungenigharimu bwalo. Kutojua kwa namna hii si giza lililomkuta mtu njiani. Ni taa aliyoizima mwenyewe.

Wala si wajinga na walimu wazee peke yao wanaopitwa. Mjini Genoa, Italia, palikuwa na daraja lililofunguliwa mwaka 1967, lililobebwa na nyaya za chuma zilizofichwa ndani ya zege. Mhandisi aliyelibuni, Riccardo Morandi, aliandika mwenyewe mwaka 1979 kwamba hewa ya bahari na moshi wa viwanda vinalila daraja lake kuliko alivyotarajia, na kwamba linahitaji kulindwa na kutu. Tarehe 14 Agosti 2018 lilianguka, wakafa watu 43. Wataalamu walioteuliwa na mahakama walieleza baadaye kwamba nyaya zilikuwa zimeliwa. Mbunifu alikuwa ametoa onyo miaka 39 kabla. Tatizo la binadamu mara nyingi si kukosa habari. Ni kwamba habari imekuja kutoka mdomo usiofaa, au saa isiyofaa, au imekuja peke yake bila fedha ya kuitendea kazi.

Methali yetu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nimeitumia katika hotuba nyingi za kufunga muhula. Sasa naiona ina sharti ambalo sikuwahi kulieleza: inadhani kwamba ufa umeonekana. Zege lenye chumvi halitoi ufa mpaka kazi imekwisha kufanyika ndani. Ufa ndiyo habari ya mwisho, si ya kwanza. Habari ya kwanza ilikuwa ile ya mlinzi.

Tena nimefikiri sana kuhusu kulilowesha zege kabla ya kulipima. Katika chuo chetu, mwanafunzi aliyekuwa kwenye mazoezi ya kufundisha alijua siku ambayo mkaguzi atakuja. Alivaa shati lililopigwa pasi, akaandaa zana, akawaonya watoto. Tulimpima akiwa mkavu, tukaandika namba kubwa. Wachache walinikatisha tamaa baadaye, walipopelekwa mbali, mshahara ukachelewa, darasa likawa na watoto tisini. Nao wengine, niliowapa alama za wastani, walisimama katika hali hiyo hiyo miaka thelathini bila kupasuka. Sisemi kwamba mtu ni zege. Zege halitubu, na chumvi iliyomiminwa nalo ni kazi ngumu kuitoa. Mtu anaweza kugeuka hata akiwa mzee. Nasema tu kwamba mimi mwenyewe sikupimwa nilipokuwa nakata utepe. Nilipimwa asubuhi ile mlangoni, mbele ya mzee asiye na viatu vizuri, wakati ukweli ulipotaka kunichelewesha. Na kipimo changu kilisoma chini ya kumi.

Baada ya kupata majibu yale, rafiki zangu wawili, wastaafu wenzangu, walinishauri ninyamaze. Jengo litafungwa kwa sababu ya ripoti ya mhandisi, walisema, na ripoti haitaji jina lako. Ya nini kujichafulia uzee? Nilikaa nalo wiki mbili. Kisha nikaiandikia bodi ya chuo barua ya ukurasa mmoja, nikaeleza niliyoambiwa mwaka 1996, aliyeniambia, na nilichofanya. Sikuandika ili nisifiwe kwa uungwana. Niliandika kwa sababu palikuwa na jengo jingine dogo, la mabafu, lililojengwa na mkandarasi yule yule katika miezi ile ile, na hakuna aliyelikumbuka ila mimi. Walilipima. Roshani ya bwalo imebomolewa, maktaba imeshushwa chini katika madarasa, na mabafu yamezungushiwa mabati yakingoja fedha. Wanachuo, nasikia, wanakula tena kwa zamu. Hilo ndilo deni lenyewe, nao hawakulikopa.

Lilibaki jambo moja. Mzee mlinzi alifariki zamani. Nilikwenda kwa mwanawe, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu, nikamkuta anashona nyavu. Nilimweleza yote, pamoja na lile la mkataba. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuiacha sindano yake. Kisha akasema kwamba baba yake hakuwahi kuwasimulia habari ya mchanga. Aliwaambia tu kwamba kazi imekwisha. Aliniuliza kama jengo limeanguka juu ya mtu. Nikamwambia hapana. Akasema, "Alhamdulillahi," akaniagizia chai.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, na hasira ingeniwia nyepesi. Mzee yule, aliyekuwa na haki ya kunisema kijiji kizima, alinihifadhi. Mimi, niliyekuwa na wajibu wa kumwamini, nilimwandikia kwamba hakuna fungu.

Je, asiyejua hana hatia? Jibu langu, baada ya yote haya, ni hili. Yuko asiyejua kwa kuwa hapakuwa na njia, na huyo tumwonee huruma. Yuko asiyejua kwa kuwa hakutaka kuuliza, na huyo ana hatia hata kama hakuna kilichoanguka. Shida ni kwamba kwa nje wawili hawa wanafanana. Wote husema neno lile lile, na mara nyingi kwa machozi yale yale. Anayeweza kuwatofautisha ni mwenyewe, akijiuliza swali moja: siku ile, kama ningeuliza, ningepoteza nini? Akikuta kuna kitu angepoteza, na hakuuliza, basi asijifiche nyuma ya neno "sikujua".

Mwezi uliopita jirani aliniomba niwe shahidi katika hati ya kuuziana kiwanja. Alileta karatasi na kalamu, akanionyesha mahali pa kutia sahihi. Nilimwambia anipeleke kwanza nikayaone mawe ya mpaka. Alishangaa, maana jua lilikuwa kali na mimi natembea polepole. Tulikwenda, nikayagusa yote manne kwa bakora, nikawauliza majirani wa pande zote mbili. Vijana walikuwa wakicheka. Tuliporudi magharibi ilikuwa imekaribia na miguu inaniuma, kwa hiyo nilitia sahihi asubuhi yake.